Kutoka Uwanja wa Misheni hadi Uani: Krismasi ya Watoto Mbozi na Tunduma

Krismasi huingia Tunduma saa nzima kabla ya kuingia Nakonde. Miji hii miwili imepakana kiasi kwamba mtu akipiga mluzi huku anaitikiwa kule, lakini Tanzania inafuata saa za Afrika Mashariki na Zambia saa za Afrika ya Kati. Saa sita ya usiku ikigonga Kaloleni na Sogea, ng'ambo ya mpaka bado ni saa tano, wanakwaya ndio kwanza wanasafisha koo. Tofauti haiishii hapo. Tarehe 26 Desemba kwetu ni sikukuu kamili, na kwa Zambia, nchi iliyotangazwa kuwa taifa la Kikristo mwaka 1991, ni siku ya kazi kama nyingine. Mtoto wa Tunduma mwenye mama mkubwa Nakonde hajafundishwa habari za kanda za saa, ila anajua fika kwamba sikukuu ya kwao huwahi kuanza na huchelewa kwisha.

Historia ya mji huu husimuliwa kwa malori. Wanaoisimulia huanza na barabara ya Zambia, wakaja kwenye bomba la mafuta, wakamalizia na forodha na foleni ya magari yanayosubiri kuvuka. Watoto hawamo. Hata hivyo, kila jambo kubwa lililoipata nyanda hii ya Unyiha na Unyamwanga liliingia pia katika siku moja ya watoto, na mara nyingi lilibadilisha mahali pa kuisherehekea. Ndiyo sababu naona swali la kuuliza si Krismasi ililetwa na nani. Hilo linajulikana. Swali ni ilichezwa kwenye uwanja wa nani.

Uwanja wa kwanza ulikuwa wa misheni. Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi mwaka 1890, na mwaka 1898 tume ya mipaka ikapima mstari kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakaamka wako pande mbili za mstari huo. Wamisionari Wajerumani wa Kanisa la Moravian walikuwa wameshafika Rungwe tangu 1891, na mwaka 1899 wakafungua kituo cha Mbozi, katika nyanda hii, kwa Wanyiha. Aliyekisimamia ni Traugott Bachmann, aliyekaa huko hadi 1916 na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, likachapishwa 1913. Wanaoandika historia ya misheni humkumbuka kwa jinsi alivyogeuka: alikuja na yake ya kufundisha, akaishia kuziheshimu mila nyingi za wenyeji kuliko wenzake walivyopenda.

Kanisa lililomtuma lilikuwa na jambo lake kuhusu watoto na Noeli. Tarehe 20 Desemba 1747, katika jumuiya ya Marienborn huko Ujerumani, Johannes von Watteville aliwakusanya watoto akamgawia kila mmoja mshumaa unaowaka, umefungwa utepe mwekundu. Ibada hiyo ya mishumaa ya watoto ikasambaa kwa Wamoravian wa nchi nyingi. Karne iliyofuata, wavulana wa shule ya kanisa hilo mjini Niesky walikuwa wakikunja karatasi kutengeneza nyota zenye pembe nyingi, kwa kuanzia kama zoezi la hesabu za maumbo, na mwaka 1897 nyota hizo zikaanza kutengenezwa kiwandani Herrnhut. Miaka miwili baadaye kanisa hilohilo likafungua kituo Mbozi. Hii haikuwa Krismasi ya wafalme wala ya maduka. Tangu mwanzo ilikuwa na kitu kidogo cha kutiwa mkononi mwa mtoto.

Shida ni kwamba ilikuja na majira yasiyo yetu. Ulaya Desemba ni baridi, mazao yamekwisha kuingia ghalani na nguruwe amenona. Watu wana chakula, hawana kazi. Mbozi Desemba ni mvua. Mahindi yamechipua, palizi imeanza, na ghala la mwaka uliopita linaonyesha sakafu. Kahawa ilipokuja kuwa zao la wilaya, fedha yake nayo ilizoea kuingia katikati ya mwaka na kukauka kabla ya Desemba. Kwa mkulima, hakuna wakati mbaya wa kufanya karamu kuliko huo.

Kwa mtoto, lakini, Desemba ya Mbozi ina utajiri wake ambao haukupangwa na kanisa lolote. Mvua za kwanza hutoa kumbikumbi; jioni hutoka ardhini kwa maelfu, na watoto huwakusanya kwenye beseni la maji, huwachambua mbawa na kuwakaanga bila mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe. Msituni kuna uyoga. Kandokando ya barabara kuna masuku, yale matunda ya rangi ya udongo yenye nyama laini na mbegu za kutemwa mbali. Mtoto anayeuza masuku kwa kopo huko Mpemba wiki moja kabla ya sikukuu anatafuta hela yake ya soda, na mzazi mwenye busara haingilii hesabu hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza iliuacha uwanja wa misheni bila mwenyewe. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka upande wa Waingereza, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa, Bachmann akiwa miongoni mwao. Hawakurudi kabla ya katikati ya miaka ya 1920. Katika pengo hilo, msaada kwa makanisa ya Moravian ulitoka kwa Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ambao jirani na hapa walikuwa na kituo cha Mwenzo, upande wa Nakonde. Hapo pana kichekesho cha historia. Kanisa la Waskoti hao lilikuwa limeitilia Krismasi mashaka kwa karne nyingi, likiiona ni nyongeza isiyo na andiko. Huko Uskoti watu walikwenda kazini tarehe 25 Desemba kama kawaida, na siku hiyo haikufanywa sikukuu ya serikali hadi 1958. Hivyo kanisa lililozaa mshumaa wa watoto likaangaliwa na kanisa ambalo kwao hakukuwa na Krismasi ya kutajika.

Mwenzo hakikuwa kituo cha usingizi. Ndiko walikotoka akina Donald Siwale, waliounda chama cha ustawi cha Mwenzo mwaka 1912 pamoja na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda. Lakini hata wasomi hao na Waskoti wao hawakukaa Mbozi kila siku. Walioshika kanisa kwa miaka kumi hivi ni wazee na walimu wenyeji, katika nchi iliyokuwa imenyang'anywa chakula na majeshi ya pande zote mbili. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck mwenyewe, alipita mpakani hapa mapema Novemba 1918 akielekea Kasama, na mafua makali yakaja nyuma yake. Naamini, na haya ni maoni yangu, kwamba hapo ndipo Krismasi ilipoacha kuwa ya mzungu. Sikukuu inayoendelea baada ya aliyeileta kuondoka ina mwenyewe mwingine.

Miongo ya utawala wa Waingereza sitaikawilia. Misheni na shule zilirudi, walowezi wakalima kahawa Mbozi, na watoto wakaimba kwenye mahafali na kwenye Krismasi kwa sauti ileile. Mabadiliko makubwa yaliyofuata hayakutoka kanisani.

Wanyiha wa zamani waliishi kwa kutawanyika. Kaya moja hapa na shamba lake, nyingine ng'ambo ya bonde. Katika makazi ya namna hiyo hakuna mtaa, na bila mtaa mtoto hawezi kwenda nyumba kwa nyumba, angerudi usiku. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu vijijini awe anaishi katika kijiji. Operesheni Vijiji ilikuwa na machungu yake mengi, nyumba zilibomolewa na mashamba mazuri yakaachwa mbali, na sitaki kuipaka rangi. Hata hivyo ilipanga nyumba kwa mistari, mlango ukitazama mlango, chini ya balozi wa nyumba kumi. Kwa mara ya kwanza watoto wa kaya ishirini walisikia harufu ya nyama ya sufuria moja.

Ndipo ikakua desturi ya kuchangia ng'ombe wa sikukuu. Majirani huanza kuweka fedha mapema, kidogokidogo, kwa mtu mwaminifu. Ng'ombe hununuliwa siku chache kabla, hufungwa mahali watoto watakapomwona kila wakitoka na kila wakiingia, na alfajiri ya tarehe 24 au 25 huchinjwa. Nyama hupangwa mafungu juu ya majani ya migomba, kila fungu na mfupa wake, maini na utumbo vimegawanywa kwa haki, na kuna mzee ambaye kazi yake ni kuchungulia kama fungu moja halijazidi. Watoto hawana habari na mafungu. Wanasubiri kibofu. Mkubwa wao hukiosha, hukisugua kwenye majivu, hukipuliza kwa bua la boga na kukifunga kamba, na kabla akina mama hawajabandika nyama mpira wa sikukuu umeshapasuka na ugomvi umeshaanza kuhusu aliyeupasua.

Wakati huohuo reli ilikuwa inakuja. Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa Oktoba 1970. Agosti 1973 reli ikafika Tunduma na kuvuka. Julai 1976 njia nzima ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi. Tunduma ikaanza kujaa watu waliozaliwa kwingine: Wanyakyusa, Wakinga, Wabena, Wandali, Waha, Wachaga wenye maduka, madereva wa Pwani, Waislamu kwa Wakristo. Kanisa moja halikuweza tena kuwa uwanja wa watoto wote. Mtaa ukawa.

Miaka ya mwanzo ya 1980 kila mtu mwenye umri wa kutosha anaikumbuka kwa uhaba. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yalipanda bei, na sabuni, sukari na kitambaa vikawa vitu vya foleni. Krismasi ya mtoto ilitegemea kama balozi ameleta mgao. Mpakani kulikuwa na njia nyingine, njia za panya, na bidhaa zilivuka usiku kwa kichwa na kwa baiskeli. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, watu nchini walitupa mali vyooni na mitoni kwa kuogopa kukutwa nayo. Kwa mtoto wa mpakani, uhujumu uchumi ungeweza kuwa gauni. Mama aliyemvalisha mwanawe kitambaa kigeni asubuhi ya Krismasi alilazimika pia kumpa jibu, endapo angeulizwa kimetoka wapi.

Serikali ilianza kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, na mwishoni mwa 1985 Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, akaja kuitwa Mzee Ruksa. Mitumba ikafunguka. Kuanzia hapo nguo ya sikukuu ikawa ndiyo kiini cha Krismasi ya watoto Tunduma, na inastahili maelezo yake.

Nguo ya sikukuu hununuliwa mapema, hufichwa kabatini au kwa jirani, na mtoto hujua ilipo. Huwa kubwa. Mikono inafika kwenye vidole, kwa sababu mzazi hanunui kwa siku moja, ananunua hadi Krismasi ijayo. Viatu mara nyingi ni vyeusi, na mtoto mwerevu hutambua hapo kwamba amedanganywa, maana shule zinafunguliwa Januari na viatu vyeusi ni vya sare. Ili kumtuliza, huongezwa miwani ya plastiki yenye kioo cha rangi, saa ya mkononi isiyotembea na puto. Akishavaa vyote hivyo hupelekwa studio kupigwa picha mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji au ndege, na hataruhusiwa kucheka kwenye picha hiyo.

Mchana baada ya ibada huanza matembezi. Watoto watano au sita, mkubwa mbele, mdogo mgongoni, wakikanyaga kwa uangalifu kwenye mawe maana mtaa mzima ni tope. Mlangoni hupigwa hodi na hufuata shikamoo zote kwa mpigo.

“Marahaba wajukuu zangu. Mmependeza! Hebu geukeni niwaone.”

Kugeuka ni lazima. Mtoto asiyegeuka hajaonyesha nguo, na bibi asiyesema “hebu geukeni” atasemwa mtaani hadi Pasaka. Kisha huletwa sinia la pilau, wali ambao zamani ulikuwa wa siku hii tu, mchele wake pengine umetoka Kamsamba kwenye bonde la Momba. Kwenye nyumba ya nne tumbo limekataa, lakini kukataa chakula cha watu ni utovu wa adabu, kwa hiyo andazi huingia mfukoni. Mama wa Tunduma jioni hiyo hasomi moyo wa mtoto. Anasoma doa la mafuta kwenye mfuko wa suruali mpya na kujua ni nyumba ngapi zimetembelewa. Nyumba za Waislamu hazirukwi. Sahani imekwenda huko asubuhi ikiwa imefunikwa kitambaa, na Idi itakapofika itarudi ikiwa imejaa.

Kutoka kwenye ruksa hiyohiyo ya Mwinyi likazaliwa disko toto. Wenye kumbi na baa kote nchini waligundua kwamba mchana wa sikukuu ukumbi uko mtupu na mitaani kuna watoto wenye sarafu walizopewa kwenye matembezi. Wakafungua milango mchana, wakaweka kiingilio kidogo, soda badala ya bia, na muziki uleule wa usiku. Kwa watoto ilikuwa ajabu isiyo na mfano: giza saa nane mchana, taa za rangi, spika zinazotikisa kifua. Walioenda bado wanazungumza habari zake wakiwa na watoto wao wenyewe.

Uwanja ukawa wa mfanyabiashara. Na mfanyabiashara huhesabu vichwa mlangoni, hahesabu madirisha. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, katika ukumbi mmoja mjini Tabora, watoto walijazana kupita kiasi wakakosa hewa na kukanyagana. Waliokufa walikuwa takriban 20. Nchi nzima ililia, na tangu hapo matangazo ya polisi ya kila sikukuu yamekuwa na aya yake kuhusu disko toto: ni marufuku, au kumbi zisizidishe watu, na wazazi wasiwaache watoto wadogo kuzurura bila mtu mzima. Makamanda wa mikoa hulirudia hilo kila Desemba, na wana haki. Tunduma aya hiyo ina uzito wake zaidi, kwani barabara kuu inapita katikati ya mji na foleni ya malori haijui sikukuu. Hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa na marais John Magufuli na Edgar Lungu mwezi Oktoba 2019, ili gari lisimame mara moja badala ya mara mbili, bado magari mengi ya shaba na mafuta hulala hapa. Dereva ambaye watoto wake wako Ndola au Mbagala hukaa kwenye ngazi ya gari lake tarehe 25 na kununua puto ambalo halihitaji, akampe mtoto wa mwenye kibanda.

Songwe ilitangazwa kuwa mkoa mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa, lakini watu waliendelea kumiminika Tunduma. Sensa ya 2012 iliukuta mji ukiwa na watu wasiofika 100,000. Ile ya 2022 iliwahesabu zaidi ya 200,000. Katika mji unaokua kwa kasi hiyo jirani wa mwaka jana huenda hayupo, na ungedhani matembezi ya watoto yangekufa. Hayajafa. Yamefupishwa. Watoto hutembea ndani ya mistari miwili mitatu ya nyumba ambazo mama zao wanafahamiana, kwa kikundi cha vikoba au kwa jumuiya ya kanisani, na saa tisa wanakusanyika kwenye ua wa mwenye sabufa.

Hilo ndilo disko toto la sasa. Sabufa hutolewa barazani, waya unapitishwa dirishani, nyimbo zinachezwa kutoka kwenye simu ya kaka mkubwa, ambaye amekatazwa kupiga baadhi yake na atazipiga hata hivyo. Hakuna kiingilio wala giza. Akina mama wako palepale na masufuria yao, wakichambua mchele huku wakiangalia nani anacheza na mtoto wa nani. Mvua ikinyesha wote wanaingia sebuleni, na anayejali makochi yake hajulikani alipo. Malalamiko makubwa ni umeme, kwa sababu sabufa na friji ya soda hula uniti. Wazazi wenye haya huchanga mapema, kama walivyochangia ng'ombe, wengine hujisahaulisha. Uniti za LUKU zikikatika katikati ya wimbo, ua mzima hupiga kelele kwa pamoja, na macho ya watu wazima hugeuka kumtazama baba mmoja ambaye watoto wake ni wanne na hadi sasa hajatoa hata mia. Naye, taratibu, hutoa simu mfukoni.